Vumbi na Kutu

Nilipitisha kidole juu ya madigadi ya kushoto ya lori la marehemu mjomba, kikarudi chekundu. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba yake, Newala, upande ule ambako ukitembea kidogo tu unafika ukingoni, Shimo la Mungu, na dunia yote inakushukia miguuni hadi bonde la Ruvuma. Nilikuwa nimeambiwa lori limekwisha kwa kutu. Nikakitazama kidole, nikamwonesha fundi. Yeye hakukitazama. Alichovya kitambaa kwenye kopo la maji, akakikamua mpaka tone la mwisho likarudi koponi, akanipa. "Futa kwanza, mjomba, ndo uulize." Nikafuta. Sehemu kubwa ya wekundu ule ikaja na kitambaa, na chini yake ikatokea rangi ya buluu iliyopauka, ya zamani lakini nzima. Sehemu nyingine haikuja. Nilisugua, nikabonyeza, nikasugua tena. Ikabaki palepale, imeshika, imevimba kidogo kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Huku vumbi na kutu vina rangi moja, na mtu anaweza kuishi na gari miaka kumi asijue kipi ni kipi, hadi siku atakapokuwa na maji ya kufutia.

Si ajabu vikafanana. Udongo wa huku ni mwekundu kwa sababu una chuma ndani yake, chuma kilichokutana na hewa na maji zamani sana, kabla mtu wa kwanza hajapanda mtama juu ya uwanda huu. Vumbi linaloinuka nyuma ya magari barabara ya Masasi, likakaa kwenye nyusi za abiria na kwenye majani ya muhogo, kwa namna fulani ni kutu iliyosagwa. Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma. Wafua chuma wa Ufipa walijenga tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakazilisha mkaa na mawe usiku na mchana ili moto uitoe hewa iliyong'ang'ania ndani ya jiwe. Walichokipata kilikuwa kitu kilichong'olewa kwao kwa nguvu. Tangu siku hiyo kinatafuta njia ya kurudi. Kila jembe, kila nondo, kila mlango wa gari uko safarini kurudi kuwa udongo, na kazi ya fundi ni kuichelewesha safari hiyo, siyo kuizuia.

Lori lenyewe ni Bedford lenye pua ndefu, lililonunuliwa likiwa limeshatumika, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa desturi ya Wamakonde na Wamakua mali ya mjomba humwendea mpwa, na zamani jambo hilo halikuwa na mjadala. Siku hizi kuna sheria, kuna dini, kuna watoto wenye haki yao, na ni vizuri. Watoto wakagawana mikorosho na nyumba. Lilipofika suala la lori, kikao kizima kikaikumbuka mila. Nami nikarithi tani kadhaa za chuma ambazo hakuna aliyezitaka, pamoja na jina: mafundi wote wa Newala sasa wananiita mjomba, kama walivyomwita yeye, na kama yeye alivyoniita mimi, kwa sababu neno hilo kwetu hutumika pande zote mbili kama msumeno.

Ukitaka kujua lori limeoza wapi, uliza lilibeba nini. Hili lilipanda na chumvi kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, ya Mtwara na Lindi, magunia yanayovuja punje moja moja katika kila maungio ya sakafu. Chumvi huyavuta maji ya hewani hata siku ambayo hakuna wingu, na maji ya chumvi yanakila chuma kwa kasi ambayo maji matupu hayaiwezi. Kabla ya msimu wa kupulizia mikorosho lilibeba salfa, ule unga wa njano wa kupigana na ubwiriunga. Salfa kavu haina neno na chuma. Ikipata unyevu inageuka kuwa kitu kingine kabisa, na vumbi lake halifagiliki likaisha. Kuanzia Oktoba lilishusha korosho kwenda maghalani. Na kati ya safari hizo zote, miaka ambayo bomba lilikauka, lilibeba maji: mapipa yaliyosimamishwa bega kwa bega, yakimwagika katika kila kona ya mteremko, utingo amekaa juu yake amelowa hadi kiunoni akiimba. Chumvi, salfa, maji. Ningeambiwa nitunge njia ya kuliua lori polepole nisingepata mpangilio mzuri kuliko huo, na huo ndio uliotusomesha.

Kiswahili kina mashahidi wengi kuhusu kutu, nao hawakubaliani. Twasema chuma kimeota kutu, kama kidevu kinavyoota ndevu, kana kwamba mbegu ilikuwa ndani tangu mwanzo ikingoja umri. Twasema kimeshika kutu, kana kwamba chuma kilinyoosha mkono kikaikamata chenyewe. Twasema kimeingia kutu, hapo kutu ni mgeni aliyepita mlango ulioachwa wazi. Twasema kimeliwa na kutu, na hapo chuma hakina kosa, ni chakula tu. Mafundi hawahangaiki na yote hayo. Wao husema bodi imeoza, neno la muhogo na samaki, na mimi naona wanasema kweli kuliko wengine. Wazee walitufundisha kwamba akiba haiozi. Mjomba aliweka akiba yake yote katika chuma, kwa sababu aliona benki iko mbali na ng'ombe hawafugiki vizuri huku, na chuma kilionekana kuwa kitu pekee ambacho mchwa hawakiwezi.

Jambo linalonishangaza ni maji. Uwanda wa Makonde hauna mto juu yake. Mvua inanyesha vya kutosha, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili, lakini mchanga wetu ni kama chekeche: inayoanguka juu inazama moja kwa moja, ikatokee mbali chini, kwenye chemchemi za mabondeni. Vizazi vya wanawake vimeteremka genge na kulipanda tena na mitungi kichwani, safari ya nusu siku kwa maji ya kupikia. Mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950 ulikuja kuyasukuma maji juu kwa mitambo kutoka bonde la Kitangari, na hadi leo nyumba nyingi zina kisima cha saruji uani kinachojazwa na mvua ya bati. Hapa mtu hamwagi maji aliyooshea vyombo kabla ya kujiuliza kama kuna mche unaoyahitaji. Na katikati ya nchi hii isiyoweza kutunza maji, limesimama lori linaloyatunza kwa wivu. Limeyaficha ndani ya milango, chini ya mazulia ya mpira, nyuma ya taa, kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele ambamo majani ya mkorosho yameanguka misimu kadhaa yakawa mboji. Maji ambayo ardhi haikuweza kuyashika kwa dakika moja, lori limeyashika kwa miaka.

Kwa hiyo fundi hakuanza na nyundo wala gesi. Alianza na spoku ya baiskeli. Alitandika gunia, akalala chali chini ya mlango wa dereva, akaipapasa kingo ya chini kwa ncha ya kidole gumba kama mganga anayetafuta mshipa. Mlango wa gari una vitobo chini yake, viwili au vitatu, vidogo kama punje ya mahindi. Aliyeuunda alijua kuwa maji yatapita kwenye mpira wa dirisha, hakujidanganya kwamba atayazuia, akayawekea njia ya kutokea. Tobo la kwanza lilikuwa limeziba. Akaisukuma spoku, ikagoma. Akaizungusha taratibu, ikazama inchi moja, akaichomoa, na kwa sekunde mbili hakikutokea kitu. Kisha likaja tope, la rangi ya kahawia iliyokolea, zito, baridi, na ilikuwa Septemba, miezi mitano bila mvua; lilikuwa limejilisha kwa ukungu wa asubuhi na umande. Nyuma ya tope yakaja majani, magamba ya karanga, na senti ishirini yenye picha ya mbuni iliyodondoka kwenye mwanya wa dirisha siku ambayo senti ishirini ilikuwa pesa. Sarafu haikuwa na kutu. Haikuwa ya chuma. Fundi aliifuta kwenye suruali akaitia mfukoni mwangu, halafu akanionesha alichokuwa anakitafuta hasa: magamba membamba meusimeusi, kama ya samaki, yaliyotoka pamoja na tope. "Hilo ndo gari lenyewe," alisema.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo huwa tunaisemea ndugu na marafiki, lakini sijaona inapokaa vizuri kuliko kwenye mlango ule. Jua halikuliua lori, ingawa limeibabua rangi yake. Mawe ya barabara hayakuliua, ingawa yameichanja kila mahali. Mikwaruzo ya nje unaiona, na ukiiona utaipaka kitu. Wazee wa hapa wana chale usoni, mistari iliyochanjwa na kutiwa masizi siku walipokuwa vijana. Ngozi ilijiunga yenyewe, ikaizunguka ile alama na kuifanya pambo. Ngozi ya lori haina damu ya kuiunga. Hata hivyo kilichoila hakikutoka nje. Kilianzia upande wa ndani, palipo giza, kikatafuna unene wa bati lote hadi kikaikuta rangi kwa nyuma, na lile lengelenge ninaloliona juu ya madigadi, ambalo ningedhani ndio mwanzo, ni habari ya mwisho. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huvimba, husukuma, hupanua maungio, na kila inapopanua huyafungulia maji njia mpya. Inajitengenezea mlango wa kuingilia.

Baada ya spoku ikaja nyundo, ndogo, ya kugongea tu. Aligonga bodi kutoka mbele hadi nyuma, kidogo kidogo, huku ameinamisha kichwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hukohoa. Chini ya mlango wa abiria, mahali palipokuwa laini na palipopakwa rangi vizuri kuliko pengine pote, nyundo ikagonga bila sauti yoyote, kama mtu aliyegonga mto wa pamba. Fundi akatabasamu kwa huzuni. Akachukua bisibisi, akachokoa. Kwanza ikaja rangi, kisha puti, kipande kinene kama biskuti, kisha gazeti. Gazeti la Kiswahili, limekunjwakunjwa likajazwa ndani ya tundu lililotosha ngumi, ukurasa wa michezo, Simba na Yanga, matokeo yameliwa na unyevu.

Nilitaka kumlaani fundi aliyefanya vile. Mwenzake akaniambia pole pole kwamba ni mjomba mwenyewe aliyeagiza. Ulikuwa mwaka wa ukaguzi, au mwaka wa harusi, hakukumbuka vizuri. Pesa hazikutosha kukata na kuchomelea, zikatosha puti na robo lita ya rangi. Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo tusemavyo, na ni rahisi kusema ukiwa umesimama na bisibisi mkononi miaka ishirini baadaye. Lakini nililishika lile gazeti lililolowa nikamfikiria mwanamume aliyejua kabisa kilicho chini ya rangi yake, aliyefungua mlango ule kila asubuhi kwa uangalifu, asiubamize, akisema na wateja kana kwamba hakuna kitu. Miaka hiyohiyo alikuwa akikohoa. Nyumba nzima tulikuwa tumeambiwa ni vumbi la barabara.

Kazi yenyewe haina siri. Unakata hadi ufikie chuma kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyotaka, na hapo ndipo wenye magari wengi hukata tamaa, kwa sababu gari linaonekana limeharibika zaidi katika mikono ya anayelitibu. Unachomelea kiraka cha bati la unene uleule. Unasugua. Msasa, ambao leo ni karatasi ya dukani, ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake makavu yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao kabla ya kiwanda chochote kutuuzia. Na ukimaliza kusugua huruhusiwi kupumzika. Chuma kilichokwanguliwa jioni Newala, kikilala nje na ukungu wa ukingoni, asubuhi utakikuta kimeshaona haya, kimepata wekundu mwepesi juu ya uso wote. Praima ipakwe siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama. Sijaona kazi nyingine ambayo usafi ni hatari kiasi hicho.

Kwa pale ambapo mkono na msasa havifiki, kuna dawa. Wakati fundi ananieleza kuhusu dawa hiyo, mke wa mjomba alikuwa kibarazani akipasua mabibo ya mapema kwa kisu cha zamani cha chuma, na mimi nilikuwa nakiangalia kisu. Kila mtoto wa huku anajua kwamba juisi ya bibo hukitia kisu weusi. Kinaingia cheupe kinatoka na madoa kama ya wino, na hayatoki kwa sabuni. Ni tanini, ile inayokaza ulimi ukila bibo ambalo halijaiva vizuri, inayokamatana na chuma na kufanya kitu cheusi kisichotaka kuungana tena na maji. Dawa kadhaa za kutu zimejengwa juu ya jambo hilohilo: unaipaka juu ya wekundu, unasubiri, wekundu unakuwa mweusi na unatulia. Nyingine hutumia asidi ya fosforasi, na hiyo nayo ina babu yake. Delhi, huko India, iko nguzo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 7 na uzito wa zaidi ya tani 6, imesimama nje kwenye jua na masika kwa miaka ipatayo 1,600, na haijaoza. Wahunzi wake walitumia chuma chenye fosforasi nyingi, ambayo leo wafua chuma wengi wangeiona kuwa dosari, nayo kwa msaada wa kiangazi kirefu cha Delhi ikaota ngozi nyembamba inayoikinga nguzo. Sikusudii kulifanya Bedford kuwa nguzo ya Delhi. Ila hunifariji kwamba ngozi ile nayo ni aina ya kutu, iliyofika mahali ikatosheka.

India iko karibu na Newala kuliko mtu anavyodhani. Korosho zetu nyingi huondoka bandari ya Mtwara zikiwa ghafi, na ganda lake, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Ndani ya ganda hilo mna mafuta meusi mazito, yanayobabua ngozi, ambayo kina mama wanaobangua kwa mkono wanayaogopa kuliko kisu. Mjomba aliyapaka kwenye mbao za bodi ya nyuma ili mchwa wazikimbie, na mbao zile ndizo sehemu ya lori iliyobaki nzima hadi leo. Viwandani mafuta hayo hugeuzwa gundi na rangi ngumu za kukinga vyuma vinavyoishi baharini, pia unga unaotiwa kwenye vitambaa vya breki ili vishike bila kuungua. Kwa hiyo kile kinacholinda chuma na kile kinachosimamisha lori mteremkoni vimo, au vingekuwemo, katika ganda linalopita hapa kila mwaka ndani ya magunia, juu ya magari yanayooza. Miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangua, Masasi kimojawapo na Newala pia. Vingi vikasimama, baadhi vikawa maghala, na mitambo yake ikawa shamba la kutu. Mimi huona uchungu kila nikinunua kopo la rangi, na nakiri uchungu huo haunizuii kulinunua.

Kusini imewahi kupewa chuma kingi kwa mara moja. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, na Nachingwea, jirani kabisa na Masasi, ikawa moja ya mashamba yake matatu. Wakaleta matrekta na matingatinga, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kupandia bara. Karanga hazikuja, mradi ukafutwa mwaka 1951 ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 36, na miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Miongo minne iliyofuata tulibaki upande wa pili wa Rufiji, tukivuka kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mvua kubwa ikija, kipuri kilichoagizwa Dar es Salaam kilikuwa kama barua kwa mfungwa. Nadhani ndiyo maana mafundi wa Masasi na Newala wana mikono ile. Mtu asiyeweza kupata mlango mpya atajifunza kuuelewa wa zamani.

Kuna njia nyingine ya chuma kutokuoza, nayo ni kutokutumika. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, akakusanya vitu vya watu wa huku kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Naamini kisu kilichokwenda naye, kikavu kabatini, hakina hata doa. Hakijakata bibo kwa zaidi ya miaka mia. Na kuna ya tatu: mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja uani siku ya pili na mzani wake, akalizunguka lori mara moja, akataja bei ya kilo bila kuuliza jina la mwenye nalo. Lingekwenda Dar es Salaam, tanuruni, likatoka nondo, likafukiwa kwenye zege la ghorofa la mtu, ambamo nondo nazo huoza kimya kimya zikipata ufa. Sikukasirika. Alikuwa na haraka, na hesabu zake zilikuwa sahihi kuliko zangu. Tulimpa kahawa akaenda.

Tulikosana na fundi mara moja tu. Alitaka kumalizia kwa oili chafu, aipulizie chini yote, kwenye chesisi na ndani ya mifereji, kama kila mtu anavyofanya. Najua inasaidia: inayafukuza maji, vumbi linagandamana nayo likawa koti. Lakini nimeona inavyodondoka siku za joto, na udongo huu, nimeshasema, ni chekeche. Kinachoanguka juu ndicho wanachokunywa walio chini. Pia inailainisha mipira hadi inakuwa kama ubani. Tukakubaliana grisi kwenye maungio, rangi ya lami kwenye matumbo ya madigadi, na nta ya kuyeyusha ndani ya milango. Akaniona mtu wa mjini. Pengine ni kweli.

Kiraka cha mlango wa abiria tulikikata kutoka kwenye bati jipya, si la kuezekea. Nilipendekeza kipande cha bati lililobaki kwenye paa la mjomba, kwa sababu nilipenda wazo la nyumba kulisaidia lori, akakataa: bati la nyumba ni jembamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomwa hutoa moshi wa kumlaza fundi kitandani kwa homa. Zinki ni kitu cha ajabu. Ikikaa pamoja na chuma kwenye maji, huliwa yenyewe kwanza. Hata pakitokea mkwaruzo, zinki iliyo pembeni huendelea kujitoa ili chuma kilicho wazi kisiguswe, hadi itakapokwisha yote. Paa la mjomba sasa lina madoa mekundu kwenye misumari.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku wa Desemba, nikaisikia juu ya bati hilo kabla sijaamka vizuri. Nilitoka na tochi. Lori lilikuwa limesimama wazi, tulilitoa chini ya mkorosho kwa sababu ya majani, na maji yalikuwa yakiliteremkia kwa kishindo. Nikainama kwenye mlango wa abiria. Kwa muda hakikutokea kitu, na moyo ukaanza kunienda mbio kama wa mtu mwenye mgonjwa. Kisha kwenye tobo la kwanza likachungulia tone, likanenepa, likadondoka. Kwenye la pili likafuata. Kisha uzi mwembamba wa maji, mekundu kwenye mwanga wa tochi. Nyuma yangu mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mke wa mjomba alitoka na kanga kichwani na ndoo mkononi, akasimama kidogo akitazama ninachokitazama, kisha akaisukuma ndoo kwa mguu hadi chini ya uzi ule.

"Sogea, mwanangu," alisema. "Yanamwagika bure."

Ndoo ya kwanza, ile nyekundu, aliimwagia mche wa mkorosho. Ya pili aliinusa, akaiweka kando ya mlango wa jiko.